Ile pizza ya pale kona mjini imefungwa. Nini hasa kimeiondoa?

#1 Mtaa_wa_Pili
Mbukwenyi wakuu. Mlango una kufuli, bango limeshushwa, na mafundi wameshaanza kung'oa mabati ya baraza. Kwa wasioijua, ni ile pizza ya tanuri la kuni iliyokuwepo hata kabla Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hakijaanza mwaka 2007, enzi mji unaishia pale Makole.

Kinachonisumbua ni hiki. Sensa ya 2012 Dodoma mjini ilikuwa na watu 410,956. Sensa ya 2022 ikasoma 765,179. Walaji wamekaribia kuongezeka mara mbili, halafu jiko la siku zote linazimwa. Dai langu ni kodi ya pango, lakini nataka kusikia wanaoijua kazi yenyewe: jengo, tanuri, unga, hesabu. Karibuni.

#2 fremu_na_hati
Mleta mada, umegusa penyewe ila hujafika chini. Siyo kodi kupanda tu, ni ardhi iliyo chini ya jengo. Viwanja vya mjini vilitolewa na CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, kwa umiliki wa miaka 33. CDA ilipovunjwa Mei 2017, wamiliki wakaanza kupewa hati za miaka 99. Hati ya miaka 33 iliyobakiza michache benki haiitazami mara mbili. Hati ya miaka 99 unaikopea ghorofa.

Ukishaelewa hilo unaelewa kwa nini nyumba za chini za katikati ya mji zinavunjwa moja moja. Mwenye nyumba hamchukii muuza pizza. Amepiga hesabu: baraza, ukumbi na jiko vinachukua nafasi ya fremu sita, na juu angepata sakafu tatu za ofisi. Mpangaji mmoja hawezi kulipa kodi ya sakafu nne.

Jambo la pili ni namna kodi inavyolipwa. Fremu nzuri mjini wanataka miezi sita au mwaka mkononi, na kama unamrithi mpangaji mwingine kuna kilemba juu yake, yaani hela ya kumpa anayekupisha. Kwa mkahawa, hela ya mwaka mzima ndiyo hela ya kununulia friji jipya. Ikishaenda kwenye pango, kitu cha kwanza kikiharibika hakina pesa ya kukitengeneza.

#3 Hesabu_Safi
Naongezea kwa #2. Kodi ya zuio kwenye pango ni asilimia 10, na kisheria mpangaji wa biashara anaikata na kuipeleka TRA. Wenye nyumba wengi wanasema "mimi nataka milioni yangu kamili". Hapo mpangaji anabeba mwenyewe, na wengi wanakosea kupiga: wanaongeza laki moja. Siyo laki. Ili mwenye nyumba abaki na 1,000,000 kamili baada ya kukatwa asilimia 10, mkataba lazima usome 1,111,111. Tofauti ya elfu kumi na moja kila mwezi haionekani, mpaka siku ya ukaguzi.

#4 Njia_ya_Mtumba
Nawaheshimu, lakini kodi ni dalili tu. Wateja wamehama. Pizza ya mchana ililiwa na watu wa ofisi, na ofisi za Serikali zimekwenda Mtumba, kilomita 17 kutoka katikati ya mji. Mtu ana saa moja ya chakula. Kwenda na kurudi peke yake kunakula dakika hamsini, hata kama Ihumwa hakuna foleni. Anakula kwa mama lishe pale pale, wali na samaki, anarudi mezani.

Jioni hiyo hiyo familia hazikai tena mjini. Ziko Ilazo, Kisasa, Iyumbu, Njedengwa, Nala. Na stendi ya mabasi ya mikoani ilipokwenda Nzuguni iliondoka na wasafiri waliokuwa wakila huku wanasubiri. Mji umekua, kweli, lakini umekua kwa pembeni. Katikati pamebaki benki, maduka ya simu na vifaa vya ujenzi.

Tangu Serikali ihamie 2019 na tupewe jiji, wa katikati wamekuwa wakipoteza kidogo kidogo.

#5 Kondoa_Road
@Njia_ya_Mtumba hoja yako ina uzito, ila tarehe ziwekwe sawa ili watakaosoma baadaye wasipotoke. Tamko la kuhamia lilitolewa Julai 2016, Waziri Mkuu akahamia Septemba mwaka huo huo, Rais Magufuli mwenyewe akahamia Oktoba 2019. Jiji lilitangazwa 26 Aprili 2018. Uamuzi wa makao makuu ni wa 1973. Kwa hiyo wimbi la wapangaji wapya lilianza 2016, na bei za fremu zilianza kupanda hapo, siyo 2019.

#6 Njia_ya_Mtumba
Nimekubali, shukrani mkuu.

#7 fundi_tanuri
Wote mnaongea kana kwamba biashara hii ingeweza kufungasha ikaenda Ilazo. Haiwezi. Nitaeleza kwa nini.

Tanuri la aina ile lina kipenyo cha ndani kama sentimita 110. Kuba yake na sakafu vinakula matofali ya moto kama 220. Tofali moja la kawaida, milimita 230 kwa 114 kwa 64, lina kilo tatu na nusu. Hapo ni kilo 770 bado hujaweka zege la chini. Zege la mita moja na nusu kwa moja na nusu, unene wa sentimita kumi, linakaribia kilo 540. Ongeza miguu ya tofali na tabaka la kuzuia joto, umepita tani moja na nusu. Halipiti mlangoni, na ukilinyanyua kwa winchi kuba inaachia. Ni sehemu ya jengo, kama msingi. Mwenye jengo akisema toka, unatoka na mabeleshi na meza.

Kwa hiyo anayehama anajenga upya, na kujenga upya ndiko wengi wanakofia. Makosa ni yale yale:

Kwanza, mlango. Kuba ikiwa na kimo cha sentimita 55 kwa ndani, mlango uwe kama asilimia 63 ya kimo hicho, yaani sentimita 35. Ukizidisha, joto linatoka mbele. Ukipunguza, moto unakosa hewa, unajaa moshi.

Pili, udongo wa kushikia. Saruji ya kawaida peke yake inakatika kwa joto. Kama saruji ya moto haipatikani, changanya mchanga laini 3, saruji 1, chokaa 1, udongo wa mfinyanzi uliochekechwa 1. Saruji inashika mwanzoni, ikishakufa kwa joto chokaa na udongo ndivyo vinaendelea kubeba.

Tatu, haraka. Tanuri jipya limejaa maji. Ukiliwasha kwa nguvu siku ya kwanza mvuke unatafuta njia na kuba inapasuka kutoka juu hadi mlangoni. Siku ya kwanza vijiti tu, joto lisipite nyuzi 150, kwa muda wa saa sita. Kila siku ongeza kama nyuzi 50. Siku ya saba ndipo ufike 450. Mwenye biashara ambaye ameshalipa kodi ya mwaka hana subira ya siku saba, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia.

Mtu anayejua kazi anasoma kuba, hahitaji kipimo. Ukiwasha, matofali yanakuwa meusi kwa masizi. Tanuri likikaribia joto lake masizi yanaungua yenyewe, na weupe unaanzia kileleni unashuka taratibu mpaka kwenye sakafu. Weupe ukishafika chini, sukuma makaa pembeni, futa sakafu kwa kitambaa chenye maji kilichofungwa kwenye mti, weka pizza. Dakika moja na nusu hadi mbili imeiva.

#8 Mama_Ngano
Fundi ubarikiwe, hilo la weupe wa kuba umelisema vizuri. Sasa niwaletee upande wa meza ya kukandia, maana naona wanaume mmejaa majengo tu.

Gharama ya pizza ya sentimita 30, donge la gramu 250. Nachukua bei za mfano, kila mtu aweke za sokoni kwake:

Unga gramu 155, kilo ikiwa 2,000, ni 310.
Jibini gramu 110, kilo ikiwa 22,000, ni 2,420.
Sosi ya nyanya gramu 80, weka 300.
Nyama gramu 70, kilo ikiwa 12,000, ni 840.
Boksi 700. Moto 300.

Jumla 4,870. Ukiuza 15,000 unaona faida kubwa, lakini toa VAT ya asilimia 18, yaani 2,700, unabaki na 12,300. Hapo ndipo ulipe pango, mishahara, umeme wa friji na maji.

Angalieni jibini: nusu ya gharama ni hiyo peke yake. Kilo moja ya mozzarella inakula lita kama kumi za maziwa. Gramu 110 ni zaidi ya lita moja ya maziwa juu ya pizza moja! Na haitengenezwi hapa, inateremka kutoka Njombe, Iringa au Arusha ikiwa kwenye baridi ya nyuzi 4. Gari likiharibika njiani Mtera mzigo umekwenda. Unga nao ulipanda 2022 vita vya Ukraine vilipoanza, kwa sababu ngano yetu nyingi inaagizwa nje, na bei ya boksi na hamira ikafuata.

Mimi nasema jibini ndiyo iliyoondoa biashara. Mpishi akibanwa, kitu cha kwanza anachopunguza ni hicho. Analeta ile iliyochanganywa mafuta ya mimea. Utaijua: inatoa mafuta ya njano juu, haivutiki, ikipoa inakuwa kama mpira. Mteja wa miaka kumi hasemi kitu. Haji tu.

#9 Hesabu_Safi
Dada Mama_Ngano hesabu nzuri, ila rekebisha VAT. Bei ya mezani ya 15,000 tayari ina VAT ndani. Unagawanya kwa 1.18, unapata 12,712. VAT ni 2,288, siyo 2,700. Gharama zako zikiwa 4,870 ni asilimia 38 ya mauzo halisi. Ukitoa boksi na moto, vyakula peke yake ni asilimia 30; mkahawa unaovuka asilimia 35 hapo unatembea kwenye kamba.

Halafu kuna jambo la ukubwa. Tangu Julai 2023 kiwango cha kulazimika kusajiliwa VAT ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka, awali ilikuwa milioni 100. Gawa milioni 200 kwa 15,000: pizza 13,333 kwa mwaka, kama 37 kwa siku. Anayeuza 35 hadaiwi VAT, anayeuza 40 anadaiwa. Jiko la pizza 40 kwa siku linabeba mzigo ambao jirani wa pizza 30 hana, na wote wanauza bei moja. Na nyanya, vitunguu na nyama mbichi havina VAT, kwa hiyo hakuna cha kudai kurudishiwa upande huo.

#10 Mama_Ngano
Asante kaka, nimeona kosa langu. Wasomaji wachukue ya #9.

#11 Nkuhungu_Kwetu
Mbona hakuna aliyetaja katazo la kuni? Serikali ilipiga marufuku kuni na mkaa kuanzia Januari 2024. Tanuri la kuni lingeishije?

#12 Kondoa_Road
@Nkuhungu_Kwetu hapana, tusilipotoshe. Agizo lenye ukomo wa 31 Januari 2024 lilihusu taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku: shule, magereza, vyuo, kambi. Halikuwa katazo kwa kila jiko la mtaani. Mkakati wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, hilo ni lengo la nchi. Kilichoumiza ni kwamba mgunga mkavu umekuwa wa kutafutwa mbali. Na kuni ikiwa na unyevu zaidi ya asilimia 20 tanuri halifikii weupe aliousema fundi. Unachoma gunia zima kukausha maji ya kuni yenyewe.

#13 Umeme_Mdogo
Kwa wanaouliza kwa nini hawakuhamia gesi, hesabu hii hapa. Kichwa cha gesi cha kilowati 20 kikiwa wazi kabisa kinakula kama kilo moja na nusu kwa saa. Kwa siku ya saa kumi, wastani wa nusu ya nguvu, ni karibu kilo 8. Mtungi wa kilo 38 unaisha siku ya tano. Unahitaji miwili, mmoja wa akiba, iwekwe nje penye hewa.

Oveni ya umeme ya kilowati 9, saa kumi kwa nusu ya nguvu, ni yuniti 45. Kwa 356 kwa yuniti ni kama 16,000 kwa siku. Siyo mbaya, lakini inataka njia tatu za umeme, na jengo la zamani lina njia moja. Kumbukeni pia mgao wa 2023 kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere haijaanza kuingia Februari 2024. Oveni ikizimwa dakika ishirini inataka dakika nyingine arobaini kurudi kwenye joto, na mteja ameshaondoka. Tanuri la tofali halikujali mgao. Matofali yanashika joto mpaka asubuhi, unaokea mkate kwa joto la jana.

#14 Forodhani_Damu
Wakuu, kwa nini mnahangaika na jibini na tani za matofali? Pizza ya Zanzibar inataka kikaango, jiko la mkaa na dakika nne. Leteni Dodoma tuone nani atafunga.

#15 Mama_Ngano
@Forodhani_Damu mdogo wangu, ile ni tamu sana lakini ni ndugu wa chapati, siyo wa hii. Unga wake unavutwa mwembamba kwa mafuta, unawekwa nyama ya kusaga, yai na kitunguu, unakunjwa, unakaangwa. Hauna hamira ya kusubiri. Hii ya tanuri kazi yake yote iko kwenye kusubiri, na Dodoma kusubiri ni elimu.

Unga kilo 10, maji lita 6, chumvi gramu 250. Hamira kavu gramu 10 Oktoba kukiwa na joto, gramu 20 Juni na Julai usiku unapokuwa baridi. Unapata madonge 65 ya gramu 250. Acha uumuke kwa muda wa saa nane, kisha oka. Maji yakiwa ya kisima chenye chumvi, onja kwanza, punguza chumvi mpaka gramu 200, la sivyo donge linakaza na haliumuki. Na ule upepo mkavu wa Agosti usiuache uguse madonge. Dakika kumi bila kitambaa kibichi yanaota ngozi, na ngozi ikishaota donge linachanika katikati unapolivuta. Nyanya za Ilula zikija na maji mengi wakati wa masika, zikate, zitie chumvi, zichuje saa moja kwenye chekecheo kabla ya kusaga. Usipofanya hivyo katikati ya pizza inabaki mbichi.

Mpishi wa namna hiyo akiondoka, hakuna mwenye mali atakayemrithi kwa kusoma karatasi. Labda nayo ni sababu.

#16 fremu_na_hati
Na ujuzi huo haukuanguka kutoka mbinguni. Wamisionari Wapasionisti wa Italia walikuwa Dodoma tangu miaka ya 1930, na zabibu za Bihawana nazo zilianzia misheni. Watu wa hapa wamezoea mkate wa hamira na jibini kuliko watu wanavyofikiri.

#17 Forodhani_Damu
Nimeelewa dada, nimeshika adabu. Ila bado kikaango changu hakidaiwi kilemba.

#18 Jamatini_Asubuhi
Hamjataja kalenda. Biashara ya chakula mjini inapumua na Bunge. Kuna vikao vya mwanzo wa mwaka, vya Agosti na Septemba na vya Novemba, lakini mkutano wa bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, ndio unaobeba mwaka. Zamani hela ya miezi hiyo mitatu iliziba Julai na Desemba. Siku hizi hoteli zenye kumbi zinalisha wageni ndani, na wageni hawatoki.

Kisha treni. SGR ilianza kubeba abiria Dar hadi Dodoma 25 Julai 2024. Ijumaa jioni mtumishi anapanda, usiku yuko Dar kwa familia, Jumapili au Jumatatu alfajiri anarudi. Ijumaa na Jumamosi usiku ndizo siku za pizza duniani kote. Mji ukimwagika siku hizo mbili, Jumanne haiwezi kukulipia.

#19 Njia_ya_Mtumba
@Jamatini_Asubuhi hapo umenisaidia. Ila treni inaleta pia. Jumamosi watu wa Dar wanakuja kutembea.

#20 Jamatini_Asubuhi
Wanakuja, mkuu, lakini wanauliza nyama choma na mvinyo wa hapa. Pizza wanayo kwao.

#21 Mtaa_wa_Pili
Nimesoma kila neno, ahsanteni. Nimekuja na kodi ya pango, sasa nina sababu saba na zote zina miguu. Swali moja kwa fundi: lile tanuri bado lipo ndani. Kuna kinachookolewa?

#22 fundi_tanuri
Kipo, tena kingi, kama halitavunjwa kwa nyundo kubwa.

Anza na sakafu. Matofali yake hayakushikiwa na udongo, yamelazwa juu ya mchanga, yanatoka kwa mkono baada ya kuinua la kwanza kwa patasi bapa. Hayo ndiyo ya thamani zaidi, yameshazoea moto. Yaandike nyuma kwa chaki, mstari na namba, uyapange vilevile kesho.

Kuba inavunjwa kutoka kileleni kushuka. Weka mbao na magunia ya mchanga ndani kwanza, maana ukitoa tofali la kileleni yaliyobaki yanapoteza mkazo na yanaweza kuanguka kwa pamoja. Udongo wa chokaa unaachia kwa kugonga pembeni ya tofali, siyo usoni. Lililopasuka nusu usilitupe, nusu ndizo zinazotumika kwenye kuba. Ukipata mazima 140 kati ya 220 umefanya kazi nzuri. Yasafishe kwa brashi ya waya na uyaache juani wiki moja. Usiyaoshe kwa maji mengi, yatataka kukaushwa upya kwa moto mdogo kama jipya.

Zege na tabaka la kuzuia joto viache, havihamishiki.

#23 fremu_na_hati
Mafundi wa ubomoaji wanaingia ndani Jumatatu saa mbili asubuhi, na wao wanatumia nyundo kubwa. Wamekubali kutoligusa tanuri mpaka saa sita mchana kama kuna watu wa kulifungua. Zinahitajika patasi bapa nne, nyundo ndogo, magunia ya mchanga kama kumi, mbao za futi nne, chaki, na pikapu moja ya kubebea tani isiyotimia.

#24 Umeme_Mdogo
Nina magunia na mbao. Saa moja na nusu nitakuwa pale kona.

#25 Mama_Ngano
Chaki nitaleta mimi, na chai. Mkikuta beleshi la mbao nyuma ya mlango wa jiko msilichome.